Mama na Mafunjo ya Mto Naili

Picha ziko kwenye simu yangu mpaka leo. Mteja akija dukani kwangu Makambako kuchukua mbolea ya kupandia, akikumbuka kwamba mimi ndiye yule niliyekwenda Misri, lazima aseme, "Hebu tuone ngamia." Namwonyesha. Mama yangu amesimama kando ya ngamia, amevaa sweta la bluu na kitenge, meno yote nje, nyuma yake piramidi. Mteja anacheka, anasema bibi amekula maisha, halafu anaomba nimpunguzie bei. Nami nacheka naye, kwa sababu ni mteja. Akishaondoka naitupa simu kwenye droo. Siwezi kuifuta ile picha, na siwezi kuiangalia.

Safari yenyewe sikuinunua. Mimi ni wakala wa pembejeo, na kampuni moja ninayouza mbolea yake ina desturi ya kuwapeleka mawakala waliofanya vizuri nje ya nchi. Msimu ule kila mtu kuanzia Njombe mjini mpaka Lupembe alikuwa anapanda parachichi, hata walimu, hata wachungaji, na mbolea haikukaa dukani. Nikachaguliwa. Safari ya watu wawili, kila kitu juu yao: ndege, hoteli ya kifahari Kairo, kisha meli ya kitalii kwenye mto Naili, mahekalu, makaburi ya wafalme, na mwongoza watalii wa peke yetu. Mume wangu alisema, "Mimi na joto hatupatani. Mpeleke mama." Ni kweli joto hapatani nalo, lakini alisema hivyo kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia mbao hapa hapa Makambako, akavuka Tunduma, akakatiza Zambia kwenda Kongo. Alitupigia simu akiwa amevuka mpaka wa Kongo, akasema foleni ni ndefu na kichwa kinamuuma. Basi, hiyo ndiyo habari yake ya mwisho. Lori lilikutwa limeegeshwa pembeni ya barabara, tupu. Mume wangu na baba mdogo walimfuata mara mbili. Walizunguka hospitali, vituo vya polisi na vyumba vya maiti, wakarudi wamekonda na hawataki kusimulia. Tulipokwenda Misri ilikuwa imeshapita miaka saba.

Sisi wengine tulishalia, kila mtu kwa wakati wake na mahali pake. Mama hakulia. Aliacha tu kumtaja. Anaishi kijijini, kwenye barabara ya kwenda Lupembe, na aliendelea kulima, kwenda kwaya na kugombana na majirani kuhusu mbuzi, kama mtu ambaye hajapatwa na kitu. Aliyeumia waziwazi ni wifi yangu, mke wa kaka. Alibaki kwenye nyumba ya matofali isiyokwisha, jirani na mama, si mke si mjane. Kulikuwa na mwanamume wa Ludewa, mtu mwenye adabu, aliyekuwa tayari kumwoa na kulea watoto. Lakini ataolewaje, na mume wake hajafa wala hayupo?

Wazee wa ukoo wakakaa, mchungaji naye akaitwa. Wakaamua ifanyike ibada, lichimbwe kaburi dogo kwenye makaburi ya familia, liwekwe koti la kaka, na msiba utangazwe kama misiba mingine. Kilichokosekana ni kauli ya mama. Walimwomba kwa muda mrefu, akawa anawapikia chai na kubadilisha mazungumzo. Siku chache kabla hatujasafiri akakubali. Alilitoa koti mwenyewe kwenye sanduku, akalifua, akalianika uani. "Nikirudi kutoka huko, mfanye," akasema. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, na sitadanganya, nililia kwa kutuliwa mzigo. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa hicho tu: mama amzike mwanawe, na wifi yangu awe mtu huru. Misri niliiona kama mahali pa kumpa mama nguvu kabla ya kazi hiyo.

Kairo walitupokea kama mawaziri. Mwongoza watalii wetu alikuwa kijana msomi, mwenye mwavuli wa njano aliouinua juu tusipotee, na sauti ya upole. Alieleza kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria mama kwa Kibena, nikiruka majina ya wafalme kwa sababu yalinishinda. Mbele ya piramidi mama alicheka, ndiyo ile picha. Alisema, "Jamani, mawe yote haya kwa mtu mmoja." Mawakala wenzangu wakacheka pia, wakampenda, wakawa wanamshika mkono kwenye ngazi.

Kicheko kiliisha kwenye makumbusho. Kuna ukumbi wenye giza kidogo ambamo wafalme wamelala ndani ya vioo, miili yenyewe, imekaushwa, na kucha zao na nywele zao. Wenzangu walipita haraka wakiziba midomo. Mama alisimama kwenye kioo kimoja mpaka nikaona aibu kwa watu waliokuwa nyuma yetu. Mfalme yule alikuwa mdogo wa umbo, mikono imekunjwa kifuani.

"Huyu amekufa lini?" akauliza.

"Zamani sana, mama. Maelfu ya miaka."

"Na wanajua ni yeye?"

"Wanajua. Na jina lake, na baba yake."

Akaweka kiganja kwenye kioo, askari akamwonyesha kwa kidole asiguse. Akaondoa mkono. "Mimi sina hata ukucha," akasema, kisha akaanza kutembea. Katika miaka saba hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kumsikia akisema juu ya kaka. Nilimfuata, na nilitaka kurudi nyumbani siku ile ile.

Meli tulipanda Luxor. Sijawahi kulala mahali pazuri kama pale na sitegemei kulala tena. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa toka sakafuni, ukikaa kitandani unauona mto ukipita na wakulima wa ng'ambo wakiswaga punda. Kila tukirudi tulikuta mfanyakazi amekunja taulo kwa umbo la mamba au bata, na mama akawa anaamka mapema kutandika kitanda mwenyewe, kwa sababu mwanamume kumtandikia kitanda aliona ni kumdhalilisha yule mwanamume. Chai aliionja mara moja akauliza kama majani ya Lupembe hayafiki huku. Nilianza kupumua. Nikafikiri, amelisema lile neno, limetoka, sasa tunaweza kuendelea.

Sikujua anachokitafuta dirishani. Kwangu Misri ilikuwa zawadi ya mauzo. Kwa mama, Misri ni nchi ya shule ya Jumapili, na mto ule ni mto mmoja tu: ule wa mama aliyemficha mtoto wake mchanga ndani ya kikapu kilichopakwa lami, akamweka kwenye mafunjo kando ya maji ili asiuawe kwa amri ya mfalme. Binti wa mfalme akamwokota, akatafuta wa kumnyonyesha, na aliyeitwa akawa ni mama yake mwenyewe. Sote tuliimba habari hiyo tukiwa wadogo, huku tunatetemeka kwa baridi kwenye mabenchi ya kanisa. Mimi ilinipita. Mama aliibeba maisha yake yote, na baada ya kaka kupotea akaisikia upya: mwanamke amemwacha mtoto wake mikononi mwa nchi ngeni, na amerudishiwa.

Siku ya pili melini akaniambia, "Muulize kijana ni wapi alipowekwa yule mtoto."

Kijana alijibu kwa heshima. Alisema hakuna ajuaye mahali hapo, na kama pangekuwapo basi ni mbali sana kaskazini, mto unapokaribia bahari, na sisi tunaelekea kusini. Nilitafsiri kama alivyosema. Mama akatikisa kichwa. "Amechoka. Utamuuliza kesho."

Kesho yake tukashuka kwenye hekalu lenye nguzo ambazo watu sita wakishikana mikono hawawezi kuizunguka moja. Wenzangu walipiga picha mpaka simu zikaisha chaji. Mama alikaa kivulini, mgongo kwenye nguzo, macho upande wa mto. "Umemuuliza?" Nikamuuliza tena, jibu likawa lile lile. Kesho yake tena. Nikaanza kukasirika. Nilimwambia, mama, tumeletwa na watu kwa gharama kubwa, angalia basi hata hekalu. Akasema ameshaliona, ni kubwa. Nikamwambia hatutapaona mahali hapo kwa sababu hapajulikani. Akanijibu taratibu, "Mtu anayejulikana alikufia wapi mnamweka kwenye kioo. Mtoto aliyerudi hamumjui alirudi wapi. Hii ni nchi gani?" Kusema kweli nilichoka naye.

Siku ya mwisho, Aswan, walitupakia kwenye boti ya injini kuzunguka visiwa. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, maji yametulia, na ukingoni mwa kisiwa kimoja kulikuwa na mafunjo marefu. Mama aliinuka boti ikiwa inatembea. Kijana yule alimwahi, akamshika mkono asianguke. Mama hakunitumia mimi safari hii. Alimtazama, akakunja mikono yake kama aliyebeba mtoto, akaonyesha mafunjo. Kijana aliangalia uso wa mama. Nilimwona anafikiri. Kisha naye akakunja mikono yake vile vile, akambembeleza mtoto asiyekuwepo, akaonyesha majini. "Mama," akasema, "hapa." Maneno hayo alikuwa ameyashika kutoka kwetu.

Najua alifanya kwa huruma. Nimemchukia na kumsamehe mara nyingi sana, na leo sijui nimefikia wapi. Akaamuru boti izimwe. Mama alipiga magoti, akachovya mikono majini mpaka kwenye mikono ya sweta, akasali kwa sauti. Alimtaja kaka yangu kwa jina lake la ubatizo na jina la nyumbani. Wenzangu, ambao hawakujua habari yoyote, waliinamisha vichwa. Aliponyanyuka alikuwa na sura niliyoiona mara ya mwisho nikiwa msichana. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba kijana amemwongopea. Nilitazama ile sura nikanyamaza.

Tulirudi kijijini tukakuta maharage yameshanunuliwa, turubai limeshaongelewa, na wifi yangu amesuka nywele kwa ajili ya kuzinyoa msibani, kama alivyosema mwenyewe kwa utani. Wazee walikaa sebuleni kwa mama. Aliwakaribisha, akawagawia halua ya Misri, akasubiri wamalize kutafuna.

"Hakuna msiba," akasema. "Nimefika mahali penyewe. Nimeweka mikono yangu. Mwanangu anarudi."

Mchungaji alijaribu. Baba mdogo alijaribu, akafoka, akatoka nje. Mimi nilieleza kila kitu, habari ya boti na kijana na kaskazini ya mbali, na wote walinielewa isipokuwa yeye. Aliniangalia kwa huruma. Koti alishalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali mtu anapolichukua akitoka. Wifi yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda kwake, na mwanamume wa Ludewa akaambiwa asubiri. Alisubiri kidogo, kisha akaoa kwingine, na simlaumu. Nilipomuuliza wifi kwa nini hakuondoka tu, alisema, "Nitaondokaje, wifi, na mama anaulizia kama nimemfulia shuka zake?"

Kabla ya Misri mama alikuwa amekwisha kumwacha mwanawe, japo kwa maumivu. Mimi ndiye niliyempeleka mahali alipomchukua tena. Kijana wa mwavuli hunitumia salamu kila Pasaka, anauliza hali ya Mama. Namjibu kwamba ni mzima.

Tangu siku ya kikao kile mama akaanza kusimama barabarani. Malori yanayokusanya majani ya chai hupunguza mwendo kwenye kona iliyo mbele ya nyumba yake, na kila lori likisikika anaacha alichonacho mkononi, anatoka mpaka ukingoni, anaangalia nani anaendesha. Likipita anarudi jikoni. Mvua, ukungu, baridi ya mwezi wa saba, anatoka. Majirani walicheka mwanzoni. Sasa hawacheki, wanamsalimia na kupita.

Mwaka huu kifua kimemshika. Daktari wa Njombe amesema tumrudishe nyumbani, na maneno hayo sote tunajua maana yake. Nimehamia kwake, duka nimemwachia mume wangu. Wiki iliyopita nilikuwa namnywesha uji tukasikia lori linapanda mlima. Alijaribu kuinuka, mikono ikamkataa. Nikamwambia alale, ni la kiwanda tu.

"Yule mtoto alikuwa na dada," akasema. Pumzi ilikuwa fupi, akapumzika kabla ya kuendelea. "Mama yake hakukaa pale majini. Angekaaje? Aliondoka. Aliyesimama kwa mbali kuangalia mtoto atapatwa na nini ni dada yake."

Nikasema, "Mama, kunywa uji."

"Mimi naondoka," akasema. "Nenda kasimame."

Nilitaka kumkatalia. Nilitaka kumwambia kaka amekufa, nami nimechoka, na kwamba sitamrithi mtu kazi ya namna hii. Niliweka kikombe chini nikatoka. Nilisimama ukingoni kwa hasira, mikono kwenye mifuko ya sweta lake la bluu, nikajiambia litapita nirudi ndani nimdanganye kwamba nimeangalia. Lori likatokea kwenye ukungu, likapunguza mwendo kwenye kona, na nikajikuta nimeshanyoosha shingo nimwone dereva usoni.