Uwanja Usio na Kuku

Nazira wa Palma hakuwa mwoga, na anayebisha aende naye mwambani siku ya bamvua. Maji yakishatoka yeye huinama, akaingiza mkono pangoni hadi begani, asijue kama ndani yuko pweza au yuko mkunga, yule samaki mrefu mwenye meno ya msumeno. Pweza humzonga mpaka kwenye kiwiko, naye anaimba tu. Siku zile za kukimbia vita alimbeba mama yake mgongoni, porini, na fisi alipolia aliyetetemeka alikuwa mama. Basi mwanamke huyu, jabali huyu, akimwona kuku hupanda juu ya kinu.

Si utani. Kuku wa kwenye sufuria hana ugomvi naye. Humla, na mifupa akaifyonza. Lakini kuku anayetembea, mwenye manyoya yake na lile jicho linalokutazama upande upande! Ndiyo maana mtaa mzima uwanja wake tu ndio ulikuwa hauna kuku. Akiulizwa, husema wanamharibia mboga, na mboga zenyewe hana.

Alikwenda hata kituo cha afya, akidhani ana jini. Muuguzi Graça, binti wa Mueda, alimsikiliza bila kucheka, na hilo peke yake Nazira alilihesabu kuwa dawa.

"Dona Nazira, hii ni fobia. Wengi wanayo. Katika kila watu kumi hukosi mmoja. Huyu anaogopa nyoka, huyu urefu, yule damu. Wanaficha tu, kama wewe."

"Kumi wa wapi, dada? Labda wa Maputo. Palma hii niko peke yangu."

Mambo yangeishia hapo kama si mapenzi. Bachir, fundi baiskeli, alikuwa akija kununua pweza, na akishanunua haondoki. Hukaa kwenye gogo, akanyoosha miguu, akashusha pumzi. "Uwanja wako una raha, Nazira," husema. Nazira alijua raha hiyo inatoka wapi, au alidhani anajua, akawa hakosi kujipaka msiro, ule urembo mweupe wa mti, usoni kila jioni. Alimpenda yule mtu, tena sana. Bachir aliposema analeta posa, alifurahi mpaka akasahau chumvi kwenye mchuzi. Kisha akamkumbuka jogoo.

Maana katika koo zao posa haiji mikono mitupu. Shangazi wa mwanamume huleta jogoo hai, na mwanamke humpokea kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu. Akimpokea, amekubali. Akimkwepa, amekataa, na hakuna wa kuuliza kwa nini. Nazira alikwisha kuposwa na mtu wa Quionga. Jogoo alipopiga bawa, bibi harusi mtarajiwa akatokea mlango wa nyuma, na wageni wakarudi kwao na hasira zao. Yule hakumlilia hata chozi moja. Huyu angemlilia.

Siku ikafika. Bachir, kama ilivyo desturi, alibaki barabarani na baiskeli yake. Latifo, kaka yake Nazira, alikaa mkekani pamoja na wazee wa pande zote mbili. Kwa heshima ya wageni, Nazira alikuwa ameweka kando ya mkeka beseni la pweza wa asubuhi ile, wakubwa, ambao walikuwa bado wanajongea.

Bi Atija, shangazi wa Bachir, akaingia na jogoo kwapani. "Mwanangu, mpokee."

Nazira akafumba macho, akanyoosha mikono, akasema Bismillahi. Likapigwa yowe, na aliyelipiga hakuwa yeye. Pweza mmoja alikuwa ametoa mkono besenini, akamgusa Bi Atija kidole cha mguu. Mama wa watu aliruka, akamrusha jogoo hewani, akajikuta juu ya kinu kilekile cha Nazira.

"Mwondoeni! Tangu utotoni siwezi kumtazama huyo kiumbe asiye na mifupa!"

Latifo akaangua kicheko. "Mficha uchi hazai, jamani. Mnadhani mimi nalala mlango wazi kwa sababu ya joto? Nikifungiwa ndani nakosa pumzi!" Mzee mmoja wa upande wa Bachir akakiri kwamba sindano humzimisha kabla haijamgusa. Nazira aliwatazama mmoja mmoja, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye msiro. Kumbe Graça alihesabu kidogo!

"Na mimi naogopa kuku!" alisema kwa furaha. Hakuwa amewahi kulitamka mbele ya watu.

Hapo Latifo akachungulia nje. "Mbona Bachir anaondoka?"

Bachir alisikia yowe, akamwona jogoo anaruka juu ya ua, na habari za mtu wa Quionga alikuwa anazijua. Alikwisha panda baiskeli, mabega yameshuka. Nazira akatoka mbio, akaita, na Bachir hakugeuka. Hata angegeuka, angeona nini? Mikono mitupu. Jogoo mwenyewe alikuwa kando ya njia, anamtazama Nazira kwa jicho moja.

Ukimwacha huyu, alijiambia, umemwacha na yule. Akainama kama anavyoinama mwambani, akaingiza mkono chini ya bawa, akamnyakua.

Palma bado wanalisimulia: mwanamke wa msiro, miguu mitupu, anakimbia mchangani na jogoo anayepiga mabawa, na kila bawa likimgusa anapiga yowe. "Nimempokea! Bachir! Nimempokea! Simama kabla sijafa!"

Baiskeli haina mbio kwenye mchanga. Bachir akageuka, akaona, akaitupa chini, akaja mbio uso unang'aa. Alipokaribia akasimama ghafla.

"Mchukue," alisema Nazira, akimnyooshea jogoo. "Naogopa."

Bachir alikuwa analowa jasho. "Wallahi ningemchukua, Nazira. Lakini unadhani kwa nini nilikuwa siondoki uwanjani kwako?"

Jogoo aliwatazama wote wawili, kila mmoja kwa jicho lake. Nazira akaanza kucheka, na Bachir naye, kwa mbali kidogo. Nazira hakumwachia jogoo, mpaka Bi Atija alipofika akihema, akampokea.