Ubavu wa Kushoto wa Nondo

Delfina Boggio alikuwa mdadisi wa kuzaliwa. Baba yake, mchonga viatu vya mbao huko milimani, alisema mtoto yule angeuliza hata jina la mwiba uliomchoma. Udadisi huo ndio uliomshusha Torino, na ndio uliomweka, akiwa na miaka thelathini na minne, kwenye meza ya kuchongea ya kiwanda cha vigari vya kuchezea watoto, mwanamke peke yake kati ya wanaume saba. Kazi yake ilikuwa kwenda kupima magari ya kweli, kisha kuyachonga kwa mti wa mpeasi ili wenzake watengeneze kalibu za kumiminia zinki. Na watoto wa miaka ile hawakutaka kigari cha gari la baba. Gari la baba walilitapikia kila Jumapili, lina ajabu gani? Walitaka gari la mwaka elfu mbili, lenye milango ya kupaa na pua kama kisu, gari ambalo liko moja tu duniani na haliuzwi.

Mei mwaka 1969 alitumwa kwenye karakana ya Mhandisi Sclaverano, bingwa wa kuunda mabodi ya magari, akapime gari jipya lililoitwa Falena, yaani nondo. Lilikuwa bado sanamu ya plasta tupu, yenye ukubwa kamili wa gari, limesukumwa hadi ukutani hata ubavu wa kulia hauonekani. King'ora cha mchana kilikuwa kimelia na mafundi wamekwenda na makopo yao ya chakula. Aliyebaki ni Remigio Audisio, fundi wa plasta, mtu mrefu mwenye nyusi zilizojaa vumbi jeupe.

"Na upande wa pili nitaupimaje, kaka?"

"Dada yangu, wewe umeona wapi gari lenye mbavu mbili zisizofanana?"

Delfina akacheka, akatoa rula na uzi. Mstari wa ubavu ulianzia kwenye taa ya mbele, ukainuka taratibu kupita mlango kama mgongo wa samaki, ukaishia kwenye kidirisha cha duara. Aliupenda mpaka akaupima mara mbili bila sababu.

Mwisho wa Oktoba, vigari elfu thelathini vikiwa kwenye maboksi vikisubiri Krismasi, gazeti likatoa picha ya Falena ya kweli. Delfina aliitazama, akachukua kigari akavilinganisha. Mstari ulinyooka kama umepigwa rula. Kidirisha cha duara hakikuwepo, na mahali pake palikuwa na matundu matatu marefu.

Meneja Canavero alimwita ofisini, gazeti mkono huu, kigari mkono huu.

"Delfina, ulipima gari la nani?"

"Lilelile, bwana meneja."

"Lilelile! Basi limenyoa ndevu njiani?" Akaweka kigari mezani kwa kishindo. "Mkataba unasema hakiuzwi hata kimoja bila saini ya Mhandisi. Kesho tunampelekea kwenye maonyesho ya magari. Utamweleza kwa mdomo wako. Akikataa, tunayeyusha vyote, na wewe urudi kwa baba yako ukachonge viatu."

Hakuwa anatania. Delfina alijua kitumbua chake kimeingia mchanga, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua kimeingiaje. Alikuwa ameshika rula kwa mikono yake mwenyewe, na mikono ile haikuwahi kumdanganya.

Asubuhi, kabla milango ya maonyesho haijafunguliwa, alikuta Falena ikisogezwa jukwaani. Wanaume wanne wenye glavu nyeupe walikuwa wakiisukuma huku wakihema. Mmoja wao alikuwa Remigio. Mtu mwingine angeanza na ugomvi. Delfina alianza na swali.

"Halina injini?"

"Lina mifuko ya mchanga," Remigio akanong'ona. "Ili likae chini kidogo, lipendeze."

"Haya. Sasa niambie ulinifanyia nini."

Remigio akamvuta pembeni, nyuma ya pazia.

"Kwetu plasta moja wanapewa mafundi wawili, kila mtu na ubavu wake. Mzee Sclaverano anakuja na fimbo, anatazama huku, anatazama kule, halafu anagonga mmoja. Uliogongwa unakuwa gari. Ule mwingine tunaukwangua."

"Kumbe ulinipimisha usio sahihi!"

"Siku ile hapakuwa na usio sahihi, dada. Alikuja kugonga Julai. Akagonga wa mwenzangu."

"Na nani alilisukuma ukutani?"

Remigio akatazama glavu zake. "Peke yangu ningeweza wapi? Tulikuwa wanne. Hata mwenzangu wa kulia alisukuma, alinionea huruma. Mara tisa nimepewa ubavu, Delfina, na mara tisa fimbo imekwenda kwa mwenzangu. Ukibanwa, nitaje. Ni haki yako."

Delfina alimkasirikia, tena sana. Lakini alikumbuka kwamba mstari ule aliupima mara mbili, na akapiga moyo konde kuwa hatamtaja, liwalo na liwe.

Mhandisi Sclaverano alifika na fimbo yake na msururu wa waandishi. Canavero akainama, akamwekea karatasi na kigari juu ya meza.

"Mhandisi, kuna jambo dogo. Fundi wetu huyu atakueleza..."

"Kinakwenda?" Mzee aliuliza, macho yake kwenye kamera.

"Samahani, mzee?" Delfina akasema.

"Kigari, mama. Ukikisukuma, kinakwenda?"

"Kinakwenda."

"Basi kinalishinda la kwangu!" Waandishi wakaangua kicheko. Mzee akatia saini, akakisukuma kigari kwa kidole kimoja bila kukitazama, akageukia picha zake.

Canavero alishusha pumzi, akaikunja karatasi upesi na kuondoka nayo kabla bahati haijageuka. Delfina alibaki amesimama. Alifurahi, meza yake ya kuchongea imepona, lakini hasira nayo ilikuwepo. Alikuwa amejiandaa kwa ukali wa mtu yule, hakujiandaa kwa kutotazamwa.

Kigari kilikuwa kimesimama ukingoni mwa meza. Remigio alisogea, akavua glavu, akakiokota. Akautazama ubavu wa kushoto, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayemtambua jirani wa zamani.

"Huu naujua," akasema.

Delfina akaona kwamba amekishika vilevile, ubavu wa kushoto kwake, kana kwamba ule mwingine bado umeegemea ukuta.

"Kigeuze basi, kaka."

Remigio akakigeuza. Upande wa kulia mstari ulianzia kwenye taa, ukainuka kupita mlango, ukafika kwenye kidirisha cha duara. Akakiweka kwenye kiganja, akakitazama kwa mbele, mbavu zote mbili kwa pamoja. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyaficha.

"Kumbe," akasema, "lilikuwa gari."