Kufunua Mashavu ya Besi

Mama yangu hukaanga samaki pale mnadani Bagamoyo, na mimi ndiye mparuaji wake wa magamba. Kwa hiyo nimekua nikisikiliza sifa. Mnadi akimwaga samaki changu mezani, humsifu kana kwamba anamwozesha. Hakuna anayegombana naye. Watu humwacha amalize, wakacheka, kisha mkono huenda kwenye shavu la samaki kulifunua, kuona kama ndani ni pekundu. Yeye ana haki ya kusifu, sisi tuna haki ya kufunua.

Nilipoanza kutafuta gitaa la besi mtandaoni, nilidhani huko mambo ni mengine.

Nililitafuta kwa sababu moja. Kikundi cha taarabu kinachopiga harusi huku kwetu Dunda kilibaki bila mpiga besi, maana aliyekuwepo alihamia Dar na gitaa lake. Nilikuwa nimejifunzia kwenye gitaa hilohilo, mchana, mwenyewe akiwa amelala. Kiongozi wao, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alinisikiliza akasema nafasi ni yangu nikija na besi yangu kabla ya Mfungo Mosi, harusi zinaporudi baada ya Ramadhani. Nisipokuja, kijana wa kinanda atapiga besi kwa mkono wake wa kushoto. Nikasema nitakuja nayo. Wakati huo sikuwa na hata uzi mmoja.

Basi nikaingia kwenye makundi ya wauza vyombo vya muziki. Mashallah. Kila besi ilikuwa ya kale, kila moja orijino, kila moja imepigwa na nguli asiyetajwa. Moja ilikuwa haijawahi kuguswa na mtu na imezunguka Afrika nzima, yote katika sentensi moja. Nyingine ina mbao za miaka mia, na pichani naona karatasi ya duka haijabanduliwa. Nilikuwa nikimsomea mama huku naparua, naye anacheka mpaka samaki wanaungua. Siku moja akafuta machozi, akasema, "Umekaa hapa miaka yote, halafu unanunua kwa kumsikiliza mnadi? Funua shavu."

Nikaanza kufunua. Kila muuzaji nilimtumia salamu, kisha nikaomba picha ya skrubu za nyuma na sauti ya kila uzi, mmoja mmoja. Wengi walininunia. Mmoja aliuliza kama nanunua gitaa au naposa. Nikamjibu kwamba vyote vinataka uchunguzi. Akanifungia. Nikahamia kwa anayefuata.

Asiyenuna alikuwa mama mmoja wa Vigwaza, na tangazo lake lilitiwa chumvi kuliko yote: besi ya kale ya ng'ambo, haijawahi kufunguliwa, imelia kwenye bendi kubwa zote. Aliniandikia niende nikaikague mwenyewe. Nikaenda, kwa njia ya Mlandizi.

Besi ilikuwa imelazwa kitandani, imefunikwa kitenge kama mgonjwa. Nikamwamkia mama, nikaigeuza. Skrubu mbili za shingo zilikuwa za gitaa, mbili za bawaba za mlango. Rangi nyeusi ilipakwa kwa brashi, na chini yake kovu refu la ufa. Nikaichomeka kwenye spika yake ndogo. Sumaku moja ya kunasa sauti ilikuwa imekufa. Nilimweleza yote polepole, maana nilishaanza kumwonea huruma, lakini nilimweleza. "Mama, hii imefunguliwa. Na si mara moja."

"Nimeifungua mwenyewe," akasema. "Nimeipiga kwenye kwaya yetu mpaka vidole vikakataa kukunjika."

Kwaya ilinunua mpya, wakampa hii kama shukrani. Tangazo lake la kwanza lilikuwa ukweli mtupu: besi ya kwaya, inalia, ina kovu. Hakuna aliyempigia simu. Ndipo akasoma matangazo ya wenzake, akaokota neno huku na neno kule. Hizo bendi kubwa hata yeye hazijui. Tukacheka sana, kisha akauliza kama ndiyo basi siitaki.

Nikamwomba aipige, kidogo tu. Akaipakata, akashuka noti nne kwa vidole vyake vigumu. Sumaku moja tu, lakini sauti ilitoka nene, ya duara, kioo cha dirisha kikatetemeka. Ndani palikuwa pekundu.

"Naichukua," nikasema.

Kwa Mwalimu, wanakikundi waliizunguka. Kijana wa kinanda akauliza kama nimeleta gitaa au mlango. Mwalimu yeye alishaanza kutunga atakavyowaambia wenye harusi: besi ya kale, imetoka ng'ambo. Namheshimu sana, ila siku ile sikurudi nyuma.

"Mwalimu, ni besi ya kwaya ya Vigwaza. Inalia, ina kovu. Sema hivyo, au usiseme kitu, mimi nipige."

Akanitazama, akanionyesha spika. Nikapiga wimbo wa kumwingiza bibi harusi, wote. Katikati mpiga ngoma aliingia bila kuambiwa, kisha kinanda, na mkono wa kushoto wa yule kijana ukabaki umetulia pajani. Mwalimu akavuta kiti, akakiweka kando ya ngoma.

"Kaa hapa, binti."

Harusi ya kwanza niliirekodi kwa simu, nikamtumia mama wa Vigwaza. Akajibu kwamba amesikiliza mara mbili, amelia kidogo, na kwamba uzi wa tatu umelegea.

Nikaukaza.