Hafidha Apanda Mlimani

Kwa miaka mingi watu wa kata ya Bigwa walimwona Hafidha kwenye runinga tu. Alikuwa mwandishi wa habari Dar es Salaam. Leo yuko kwenye mafuriko, kesho bungeni. Mama yake, Bi Sabra, alipopooza mguu, Hafidha aliacha kazi akarudi kwao Bigwa kumuuguza. Hapo ndipo alipoingiwa na wazo la kugombea udiwani.

Mara ya kwanza aliangushwa vibaya kwenye kura za maoni za chama.

"Tunakupenda, dada," Twalibu, fundi cherehani jirani yao, alimwambia bila kuficha. "Lakini wewe unakuja, unauliza, unaondoka. Ndiyo kazi uliyoizoea."

Maneno hayo yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Hata hivyo hakurudi Dar. Alibaki, akawa mtu wa misiba na harusi kama wengine, na uchaguzi uliofuata akapita.

Hakukaa sana kwenye kiti, ukazuka ugomvi wa maji. Watu wa bondeni walilalamika kwamba wakulima wa mlimani wanakikausha kijito kwa kumwagilia kabichi na njegere. Kwenye kikao, madiwani wenzake walitaka mgambo wapande wakang'oe mipira ya maji. Hafidha akaomba atangulie yeye.

Huko juu alimkuta Bi Mwajuma, ambaye wakulima wote walimsikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kamera iko wapi?"

"Sina tena, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Basi kaa. Wenye kamera huwa hawakai."

Akakaa. Zamani angechukua maneno mawili matatu ya taarifa ya jioni, akashuka. Sasa alipanda juma baada ya juma, na mara nyingi alirudi na kabichi tu, jibu hana. Mwishowe akawapandisha watu wa bondeni, Twalibu akiwemo, wakabishana na wakulima mpaka sauti zikawakauka. Wakaafikiana: jioni maji yaingie mashambani, saa nyingine zote yaachwe yateremke. Kiangazi kile yalifika bondeni, membamba, lakini yalifika.

Mwaka jana wakamchagua tena. Siku hizi huamshwa na hodi: mtaro umeziba, taa ya barabarani imekufa, mke na mume hawasemezani. Huwakaribisha barazani akawasikiliza mpaka wamalize, na Bi Sabra, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, huagiza chai iongezwe maji.