Njaa ya Siku ya Kliniki

Kwenye benchi la kliniki ya kisukari, Kibiti, tulikuwa watatu: mama wa Umwe mwenye kanga ya kijani, mzee wa Mbuchi aliyevuka mto alfajiri, na mimi. Wa nne alikuwa nesi na kipimo chake.

Mzee alitobolewa kidole. Nesi akatabasamu. "Sita nukta moja. Hongera, babu."

Aliporudi kwenye benchi alitukonyeza. "Siku mbili nimekunywa maji matupu. Kila mwezi nafanya hivi. Nikitoka hapa naenda hitma kwa shemeji, wali wa nazi na chai ya sukari vinaningoja."

Mama akamgeukia. "Unamdanganya nani, kaka? Nesi hana kidonda. Mguu ni wako huo."

Mzee akauficha mguu wenye bandeji chini ya benchi. "Dada, una maneno wewe!"

Walicheka. Mimi sikucheka sana, maana nami nilikuwa nimejinyima chakula tangu juzi ili kipimo kile kile kinisifu. Wali ule ukishaliwa, sukari hupanda katika damu, na mafuta ya nazi huichelewesha kushuka kwa saa nyingi. Kipimo cha asubuhi ya njaa hakiyaoni hayo. Nilitaka kumwambia nesi, lakini kumsema mzee kungekuwa kujisema mwenyewe. Nikaenda kutoa kidole changu.

Kliniki iliyofuata, nesi aliliita jina la mzee mara tatu. Mama wa Umwe akajibu, "Alizikwa Ijumaa."