Dirisha la Bibi la Kuelekea Yerusalemu

Hii habari inanionyesha mimi mjinga, najua. Nitaisimulia hivyohivyo, maana mjinga mwenyewe hakuomba radhi na bado haombi.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, bondeni chini ya Tukuyu. Nyumba zote kwenye mstari, mlango na madirisha mbele, kutazama barabara. Kwingine ukuta mtupu. Bibi yangu, aliyenilea, akagoma kuhamia ndani. Akawa analala kwenye kibanda cha jikoni, kwenye moshi, na kifua chake kile kibovu. Kanisani alikuwa amesikia habari za nabii aliyechukuliwa utumwani, ambaye alifungua dirisha lake kuelekea Yerusalemu akaomba. Bibi hajafika hata Mbeya, lakini ukiitaja Yerusalemu anafuta machozi kama mfiwa.

"Nabii alikuwa mateka na dirisha alikuwa nalo," akasema. "Mimi naambiwa niko huru, dirisha sina."

Nikamwuliza mwinjilisti Yerusalemu iko wapi. Akasema kaskazini, utazame mlima Rungwe halafu unyooshe tu. Shida ni kwamba tangu tuhamie ukungu haujafunguka, mlima hatujauona. Mimi nikaona afadhali, mwenyekiti wa kijiji, asiyetaka nyumba ibadilishwe hata kidogo, hataniona nikifanya kazi. Kuta zilikuwa mianzi tu, hazijakandikwa. Nikakisia mlima uliko, nikashika panga, nikatoboa.

Kesho yake jua likawaka. Bibi akafungua dirisha apige magoti. Mbele yake choo cha mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe huyo anatoka, anafunga mkanda.

Kijiji kizima kilicheka.

"We kijana," mwenyekiti akafoka, "ndiyo Yerusalemu yenu hii?"

"Hapana, mzee. Hapo ni Babeli."

Akasema ikifika jioni sijaziba, shamba la ujamaa nitalilima peke yangu. Nikachukua panga, mchana kweupe, watu wanatazama, nikatoboa la pili. Safari hii mlima nauona kwa macho yangu.

Jioni mwenyekiti akaja na ukali wake. Akamkuta Bibi ndani, kapiga magoti dirishani, anaulilia mji asioujua, na katikati ya kilio anawaombea watu wa kijiji mmojammoja, kaanza na mwenyekiti. Mzee wa watu akavua kofia, akasimama mpaka amina.

Alipotoka akanivuta pembeni.

"Lile linalotazama choo changu ziba leo hii," akasema. "Hilo lingine mimi sijaliona."