Majani Kwenye Vijiti vya Maharagi

Ilianza Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikiwa katikati ya maharagi yetu nanyofoa majani. Si majani ya maharagi. Vijiti tulivyochomeka ili maharagi yapande vilikuwa vimechipua, na kwa wiki mbili nilikuwa naamka kabla ya Mama ili ninyofoe kila jani kabla mtu hajaliona. Kijiti kikavu hakichipui. Anayeona jani anajua kilikatwa kibichi, na hapa kwetu miti ya aina ile iko sehemu moja tu, kwenye mpaka wa rezerve, lile pori linalolindwa juu ya kilima.

Wavolontere, watu wa kijiji wanaojitolea, njo waliipanda, miaka miwili sasa, ili kila mtu aone shamba linaishia wapi na pori linaanzia wapi. Hakuna anayewalipa. Kila Jumamosi wanapanda kilima na panga zao kufyeka njia ya mpaka, wanatoa mitego ya waya, wanasafisha chemchemi. Maji tunayokunywa nyumbani yanatoka kwenye chemchemi ile.

Mwezi wa kumi Mama alinituma kwa shangazi kukata vijiti. Kwa shangazi ni ng'ambo ya bonde, mvua ilikuwa inakuja, na pale mpakani machipukizi yalikuwa yamenyooka kama yametengenezwa kwa ajili ya maharagi. Nilikata mafungu mawili. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama, "Shangazi anakusalimia."

Jumapili ile, majani yangali mkononi mwangu, nikasikia hodi. Alikuwa mama anayeongoza wavolontere. Sisi wote tunamwita Mama Prezida. Niliyaficha majani ndani ya kitambaa cha kichwa.

"Mutoto wangu, uko na mwandiko muzuri," akasema. "Leo nyuma ya ibada tunashukuru wavolontere. Uniandikie hii liste, na utaisoma wewe mwenyewe."

"Mama, mimi naogopa watu."

"Watu hawakuli. Andika."

Nilichukua kayé yangu ya shule, nikachana karatasi moja. Alitaja majina, nikaandika. Alipofika la kumi na moja akaishia hapo.

"Na ule Papa wa Kashuga?" nikauliza. Ni mzee mmoja aliyekimbia vita kwao Kashuga, anaishi kambini chini ya barabara. Njo yeye anayesafisha chemchemi.

"Huyo usimuandike. Njo yeye alikata miti ya mpaka."

"Walimuona?"

"Nani mwingine anatafuta miti? Iko anajenga kibanda mu kambi. Na anapita kule kila siku, yeye peke yake, na panga. Kesho asubuhi atarudisha bote za kikundi, na mambo iishe."

Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye vijiti. Ningeweza kunyoosha kidole tu, hata bila kusema. Niliangalia kalamu. Nikapiga mstari chini ya jina la kumi na moja, kwa rula.

Kanisani nilisoma nikiwa nimeinamia karatasi. Vijana wa nyuma walisema, "Ongeza sauti, dada, hata panya hasikii," watu wakacheka kidogo. Niliongeza. Nilisoma kwamba tunawashukuru kwa njia, kwa miti, kwa maji. Kila aliyetajwa alisimama, akapigiwa makofi. Papa wa Kashuga alikuwa kwenye benchi la mwisho, amevaa zile bote, viatu vya mpira vya kikundi, amezipangusa matope. Nilipofunga karatasi alikuwa ameshika mgongo wa benchi la mbele, kama mtu anayejiandaa kusimama. Kisha akaachilia.

Nje alinifuata. Nilitaka kukimbia.

"Umesoma vizuri, binti. Ila mimi ulinisahau, ao wino iliisha?"

Alikuwa anatania. Alikuwa bado hajui kwamba ni kusudi. Nilisema, "Iliisha, Papa." Hilo njo linaniuma kushinda yote. Miti niliikata kwa uvivu, lakini lile neno nililisema nikimuangalia machoni.

"Si kitu," akasema. "Maji yananijua."

Nyuma yake Mama Prezida alikuwa anamngoja, na nikaona anavyoongea naye, na mzee anavyoangalia bote zake.

Siku ile sikukula. Mama alifikiri ni malaria.

Asubuhi yake, Jumatatu, niliamka mapema, nikavaa sare ya shule, nikaenda kwenye maharagi. Sikunyofoa majani. Niling'oa vijiti. Maharagi yalikuwa na maua tayari, yakaanguka chini moja juu ya lingine. Mama akatoka.

"Unafanya nini? Uko na akili kweli?"

"Mama, havikutoka kwa shangazi. Nilikata mu rezerve. Na wanamufukuza Papa wa Kashuga juu ya kosa yangu."

Mama aliangalia maharagi yaliyolala. Ni chakula chetu kile. Nilingoja anipige.

"Basi ng'oa vyote," akasema. "Usiache nusu." Akaingia ndani, akaniletea kamba.

Nilibeba fungu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka kwa Mama Prezida. Mzee alikuwa ameshafika. Amekaa kwenye jiwe, bote moja imetoka, nyingine bado. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilitua fungu mbele yao, nikasema tu, "Ni mimi nilikata. Papa hakukata."

Mama Prezida alishika kijiti kimoja chenye jani, akakigeuza. Mzee njo aliniuliza.

"Jana, wakati unasoma, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Papa."

Hakutabasamu. Alivaa tena ile bote, akachukua panga, akachagua vijiti vyenye majani, vile vinavyoweza kushika mizizi tena, akaviweka kando. Akaanza kupanda kilima kwenda mpakani. Hakuniambia nije, hakuniambia nibaki.

Kengele ya shule ililia kule chini. Nilibeba vijiti alivyochagua, nikamfuata, mbali kidogo nyuma yake.